Kadi ya Kijani

Punta Arenas, mwezi wa Novemba,
manispaa hufunga kamba kutoka nguzo hadi nguzo
na watu wazima huzishikilia kama watoto wa chekechea
upepo usije ukawabeba.
Mdogo wangu Amaro hashiki kamba. Kamba inamwasha.
Hushika pindo la koti langu, papo hapo tu,
nimeshalishona mara tatu.

Kabla ya shule ile, nyumba yetu ilikuwa ya kunyata.
Tulikula kwa vijiko vya mbao kwa sababu ya mlio wa uma.
Mama alijifunza kupiga chafya ndani ya taulo.
Shangazi Orietta alisema, "Kofi moja zuri lingemnyoosha,"
tukaacha kumwalika, naye akaacha kupiga simu.
Na siku Bwana Mladinic alipobadilisha taa dukani kwake,
Amaro alilala sakafuni akapiga kelele dakika arobaini,
mama kalala ubavuni mwake, shavu kwenye unga,
wateja wakiwaruka kama dimbwi.
Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilijifanya siwajui.
Naliandika hili kwa sababu hakuna aliyewahi kuniuliza.

Shule iko nyuma ya ghala la zamani la sufu:
watoto kumi na tisa, walimu saba, paka mmoja asiye na zamu.
Siku ya kwanza Mwalimu Yasna hakumwambia "nitazame".
Aliketi chini, akapanga vifuniko vya chupa mstari mmoja,
kama Amaro anavyopanga,
akakosea kimoja makusudi.
Amaro akakirekebisha.
"Basi," mwalimu akamwambia mama, "tumeshasalimiana."

Picha zikahamia kwetu, wiki nzima ukutani:
basi, supu, bafu, kitanda.
Ipo hata picha ya upepo mkali, basi haliji.
Zamani basi lisipokuja, lilikuwa tetemeko la ardhi.
Sasa anaitoa picha, anaibandika,
analia kidogo, anakula mkate.

Baba hakuamini. Baba huchomelea meli usiku,
hurudi na macho mekundu na hoja.
"Picha, picha! Na mdomo je? Atasema lini?"
Jumatano za wazazi alikaa karibu na mlango, kofia kichwani.
Wiki ya sita dereva mmoja wa lori, mtu wa Porvenir,
akasema: mimi hulilia chooni,
hufungulia bomba wasinisikie.
Baba akavua kofia.
Njia nzima ya kurudi alishika ile kamba,
na siku hiyo hapakuwa na upepo.

Msinisome kama hadithi ya kupona.
Hapana aliyeumwa, hapana aliyepona.
Amaro bado anajiuma mkono mpaka unavimba.
Orodha ya wanaosubiri nafasi shuleni
ni ndefu kuliko barabara ya ufukweni,
na mama ameuza Jumapili zake kwenye kiwanda cha kaa
ili tulipe nauli ya basi.

Ila Julai, saa nne usiku,
walikuwa jikoni wakigombania pesa ambazo hazikuwapo,
sauti ya huyu ikipanda mgongoni mwa sauti ya yule.
Amaro akatokea na nguo zake za kulalia,
akatazama ukuta, akachagua,
akaweka mezani, katikati yao, kadi ya kijani:
TOSHA.
Wakanyamaza. Likabaki jokofu, linanguruma.
Akaligeukia nalo,
akachomoa waya.

Tulicheka mpaka baba akakaa sakafuni.
Asubuhi siagi ilikuwa uji.

Siku hizi kadi ile haina mwenyewe.
Mama humwonyesha baba, baba huionyesha runinga,
nami niliichukua siku ya mtihani wa hesabu,
sikuitoa, niliigusa tu mfukoni.
Niliporudi Amaro alikuwa mlangoni.
Akapekua koti langu, mfuko kwa mfuko,
akaipata, akairudisha ukutani,
akasogea nyuma kutazama kama imenyooka,
akarudi, akaisogeza kidogo
kulia.